Dawa ya Presha Ifike Zahanati: Hotuba kwa Mkutano wa Wadau wa Afya, Tanga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mstahiki Meya, Waheshimiwa Madiwani, Mganga Mkuu wa Jiji, viongozi wetu wa dini, watendaji wa kata na mitaa, wauguzi na matabibu wenzangu, na ninyi ndugu zangu mliokuja na kadi zenu za kliniki mikobani: Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za asubuhi.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nimefanya kazi katika mkoa huu kwa miaka mingi, na sasa ninaishi na presha mwenyewe, kwa hiyo nazungumza nikiwa nimekwisha kukaa pande zote mbili za meza ya kliniki. Waandaaji wameniomba nizungumzie utetezi na sera za kukinga na kudhibiti magonjwa yasiyoambukiza duniani. Nitafanya hivyo, na nitawapitisha New York, visiwa vya Karibi na Finland, lakini kote huko nitakuwa natafuta jibu la swali la hapa hapa kwetu: kwa nini mkazi wa Kirare au wa Tongoni bado hana uhakika wa kupata kidonge cha presha katika zahanati iliyo karibu na nyumba yake, wakati kidonge hicho kinatengenezwa na viwanda vingi duniani, hakimilikiwi tena na mgunduzi yeyote, na ni miongoni mwa dawa za bei ndogo kabisa tulizonazo?

Niwaeleze nilichokiona siku moja nilipokuwa bado kazini. Mama mmoja, mkulima wa mihogo, alikuja kliniki mashine ikasoma 190 kwa 110. Nilimuuliza kama anatumia dawa, akasema anatumia, akatoa kibahasha mkobani akanifungulia. Vidonge alikuwa amevikata kwa wembe nusu kwa nusu, vingine vimemeguka vikabaki unga chini ya kibahasha. Alikuwa anameza nusu siku moja, siku ya pili anaacha, kwa sababu katika zahanati ya kijijini kwake aliambiwa dawa zimekwisha akanunue, na fedha aliyokuwa nayo ilitosha ama nauli ya kuja mjini ama dawa za duka, si vyote viwili. Mama yule alikuwa amepiga hesabu zake kwa uangalifu mkubwa kuliko watu wengi wanaopanga bajeti za mamilioni. Hesabu ilikataa kwa sababu kilichotakiwa kuwepo zahanati hakikuwepo, na miongoni mwa wenye presha isiyodhibitiwa kama yake ndimo tunamowapata wagonjwa wa kiharusi, wa moyo na wa figo tunaowapokea wodini wakiwa wamebebwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba magonjwa yasiyoambukiza, yaani magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, saratani, kisukari, magonjwa sugu ya njia ya hewa na mengine ya jamii hiyo, huua zaidi ya watu milioni 40 kila mwaka, na kwamba takriban vifo vitatu kati ya kila vinne duniani vinatokana nayo. Wapo milioni 17 na zaidi wanaokufa kabla ya kufika miaka 70, na katika hao zaidi ya wanane kati ya kila kumi ni watu wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Hapa nyumbani, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliowapima watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 ulionyesha kwamba karibu asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na asilimia 9 walikuwa na kisukari. Mtu mmoja katika kila wanne, katika umri wa kulea na kuzalisha. Wale wanaoendelea kusema presha ni ugonjwa wa wakubwa wenye magari wanapaswa kuja kukaa nasi kwenye benchi la kliniki, waone ni nani aliyekaa hapo: mvuvi, mama lishe, mlinzi, dereva wa bodaboda, mkata mkonge mstaafu.

Jambo linalonisumbua zaidi ni lawama. Kwa muda mrefu elimu yetu ya afya, nami nimeitoa sana, imekuwa ya kumwambia mtu punguza chumvi, acha sigara, fanya mazoezi, kisha anaporudi na presha ileile tunamtazama kama mtu asiyesikia. Elimu hiyo ni ya kweli na lazima iendelee. Lakini ninaomba tutazame mazingira anamorudi mtu huyo baada ya kutoka kliniki. Katika kibanda kilicho hatua chache kutoka lango la shule, sigara inauzwa mojamoja, pakiti imefunguliwa na kuwekwa karibu na pipi, na kibiriti kimefungwa kwa kamba kwenye nguzo ili mnunuzi awashe bila gharama. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika tarehe 27 Februari 2005 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unazitaka nchi zizuie kuuziwa watoto tumbaku na zijitahidi kupiga marufuku uuzaji wa sigara mojamoja, kwa sababu iliyo wazi kwa kila mzazi: mtoto hana fedha ya pakiti, lakini ana fedha ya sigara moja. Basi kijana anayeanza kuvuta akiwa darasa la saba ameshawishiwa na bei, na kibanda, na kutokuwepo kwa mkaguzi. Kumlaumu yeye peke yake ni kuwaachia wakubwa wote waliohusika.

Chumvi nayo ina habari yake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, lakini wastani wa dunia ni karibu gramu 11. Katika nchi tajiri sehemu kubwa ya chumvi hiyo imekwisha kutiwa kiwandani kabla chakula hakijafika jikoni, na ndiyo maana sera zao huanza na viwanda. Kwetu sisi watu wa pwani chumvi nyingi bado tunaitia wenyewe: kwenye mchuzi, kwenye ng'onda, kwenye muhogo wa kukaanga unaonyunyiziwa chumvi na pilipili pale pale barabarani. Kwa hiyo sikubaliani na wenzetu wanaotaka tunakili sheria za Ulaya neno kwa neno. Hata hivyo viungo vya vipakiti na vyakula vya kukaanga vya mifukoni vimeingia katika kila duka la mtaa, watoto wetu wanavizoea, na huko ndiko sheria ya viwango na maelezo ya wazi juu ya pakiti inakotakiwa iwahi. Chile ilifanya hivyo mwaka 2016, ikaagiza alama nyeusi za onyo ziwekwe mbele ya pakiti ya chakula chenye sukari, chumvi, mafuta yaliyoganda au nguvulishe kupita kiasi, alama ambayo hata mtoto asiyejua kusoma vizuri anaitambua. Mexico ilianza tarehe 1 Januari 2014 kutoza peso moja kwa kila lita ya kinywaji kilichotiwa sukari, na ununuzi wa vinywaji hivyo ukapungua. Haya yote yaliamuliwa bungeni na kwenye baraza la mawaziri, na yakawabadilishia mazingira mamilioni ya watu ambao daktari hakuwahi kuwaona.

Sasa niseme dunia ilifikaje mezani, kwa sababu wapo wanaodhani mambo haya hushuka tu kutoka juu. Mwaka 2007, mwezi Septemba, wakuu wa nchi za Karibi walikutana Port of Spain, Trinidad na Tobago, wakatoa tamko la kuungana dhidi ya magonjwa sugu yasiyoambukiza. Ulikuwa mkutano wa kwanza wa wakuu wa serikali duniani kuitishwa kwa ajili ya jambo hili. Ni nchi ndogo sana, nyingine wakazi wake hawafiki idadi ya watu wa mkoa wetu, lakini waliona watu wao wanakatwa miguu kwa kisukari na wanapooza kwa presha, wakaamua kubisha hodi Umoja wa Mataifa. Walisaidiwa na mashirika ya kisukari, ya moyo na ya saratani, ambayo kabla ya hapo kila moja lilikuwa linapiga kelele zake peke yake, na ambayo mwaka 2009 yaliunda umoja wa NCD Alliance, NCD kikiwa kifupi cha Kiingereza cha magonjwa yasiyoambukiza. Matokeo yake ni kwamba Septemba 2011 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilifanya mkutano wa ngazi ya juu kuhusu magonjwa haya. Vilifuata malengo ya hiari 9 yaliyopitishwa mwaka 2013, kisha lengo namba 3.4 la Malengo ya Maendeleo Endelevu linalotaka vifo vya mapema vipunguzwe kwa theluthi moja ifikapo 2030, na mikutano mingine ya wakuu mwaka 2014, 2018 na 2025.

Katika malengo yale ya 2013 lipo moja ambalo naomba kila mtu hapa alikariri. Lilisema kwamba ifikapo 2025, upatikanaji wa dawa muhimu na vifaa vya msingi vya kutibu magonjwa haya, kwa bei nafuu, ufikie asilimia 80 katika vituo vya umma na vya binafsi. Mwaka 2025 umekuja na kupita. Katika tamko lililoandaliwa kwa ajili ya mkutano wa Septemba 2025, asilimia ileile 80 imerudi, safari hii kwa vituo vya afya ya msingi, na tarehe imesogezwa hadi 2030. Pamoja nayo imewekwa shabaha ya watu milioni 150 zaidi duniani wawe na presha iliyodhibitiwa. Ninazipokea shabaha hizo kwa mikono miwili. Lakini ahadi iliyosogezwa mara moja inaweza kusogezwa mara ya pili kama hakuna mtu anayeihesabu, na wa kuihesabu hayuko New York, yuko katika dirisha la dawa.

Ipo tofauti moja kubwa inayonifanya niseme hivyo. Juni 2001 Baraza Kuu hilohilo lilifanya kikao maalumu kuhusu UKIMWI, na Januari 2002 ukaanzishwa Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, Kifua Kikuu na Malaria. Baada ya mkutano wa 2011 hakuna mfuko wa namna hiyo ulioanzishwa kwa ajili ya magonjwa yasiyoambukiza, na hadi leo sehemu inayoyaendea katika misaada ya afya duniani ni takriban asilimia 2 tu. Fedha za wafadhili hazitakuja kutuokoa. Utetezi wetu lazima uelekee zaidi kwenye bajeti zetu wenyewe, ya taifa na ya halmashauri.

Na hapo ndipo tunapaswa kujifunza kutoka kwenye UKIMWI, kwa sababu mwalimu tunaye nyumbani. Wauguzi wa rika langu wanakumbuka hali ya wodi zetu kabla ya 2004. Mwaka huo nchi ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, wataalamu wengi walisema haiwezekani: dawa ni za maisha yote, watu wetu hawana saa, hawatakumbuka kumeza, zahanati hazina madaktari. Ilianza katika hospitali kubwa chache. Kisha ikashuka kwenye vituo vya afya, kisha kwenye zahanati. Muuguzi alifundishwa kufanya kazi iliyokuwa ya daktari. Kila mgonjwa alipewa kadi yenye namba, na asipofika tarehe yake jina lake linaandikwa, na mhudumu wa jamii anamfuata nyumbani kwa heshima na kwa siri. Aliyetulia kiafya alianza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja ili asipoteze siku zake za kazi. Na juu ya yote, WAVIU, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wenyewe walijipanga, wakaunda konga, yaani mabaraza yao, katika halmashauri, wakaingia kwenye kamati, wakasimama mbele ya viongozi wakasema majina yao na hali zao wakati ambapo kusema hivyo kungeweza kumfukuzisha mtu nyumba ya kupanga. Walipata matusi mengi. Walipata pia dawa.

Ninauliza, kwa upole lakini bila kuzunguka: kama kidonge cha virusi, ambacho kilianza kikiwa ghali mno, kiliweza kufikishwa zahanati na kikafuatiliwa mgonjwa kwa mgonjwa, kidonge cha presha kinashindikana kwa sababu ipi? Mashine ya kupimia presha haihitaji maabara. Mpango wa HEARTS, wa kudhibiti presha na maradhi ya moyo, uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 unategemea mambo ambayo muuguzi wa zahanati anayaweza kabisa: mwongozo mmoja rahisi wa matibabu, dawa chache zilizochaguliwa ambazo hazikatiki, timu inayogawana kazi badala ya kumsubiri daktari, na rejesta inayoonyesha nani amedhibitiwa na nani bado. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilieleza kwamba ni takriban mtu mmoja tu kati ya kila watano wenye presha duniani ambaye presha yake imedhibitiwa, na kwamba nchi zikipanua huduma vifo milioni 76 vinaweza kuepukwa kati ya 2023 na 2050.

Sisi wagonjwa nasi tuna deni. Tumekuwa wakimya. Mficha maradhi kifo humuumbua, na tumewazika wengi walioficha kisukari kwa kuogopa kuambiwa wamelogwa au wamekula fedha za watu. Naomba msikilize mfano wa watu waliokataa kunyamaza. Huko Finland, katika mkoa wa Karelia Kaskazini, wanaume wa makamo walikuwa wanakufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango kilichokuwa miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Ulikuwa mkoa maskini wa wafugaji na wakata miti, watu wanakula siagi nyingi, chumvi nyingi, wanaume wanavuta sigara. Januari 1971 mkuu wa mkoa, wabunge wa eneo hilo na viongozi wa vyama vya wananchi walitia saini ombi kwa serikali kuu wakisema watu wetu wanakwisha, tunataka hatua. Mwaka uliofuata ukaanzishwa mradi ulioongozwa na daktari kijana, Pekka Puska, aliyekuwa hajafika miaka 30.

Mradi ule haukubaki hospitalini. Ulikwenda kwa vyama vya akina mama wa vijijini, wakaanza kupika vyakula vya kienyeji kwa mafuta na chumvi kidogo na kualikana kuvionja. Ulikwenda kwa viwanda vya maziwa na vya soseji kuvishawishi vibadilishe mchanganyiko wao. Wafugaji walilalamika, na kwa haki, kwa kuwa siagi ilikuwa ndiyo riziki yao; basi ukatafutwa utaratibu wa kuwasaidia baadhi yao kulima matunda madogo ya porini yanayostawi katika baridi ile. Jambo hili la riziki nalipenda kwa namna ya pekee, maana hata sisi tuna ndugu zetu wa Tabora wanaosomesha watoto kwa tumbaku, na sera inayowasahau haitapata kura yao wala haki ya kuidai. Katika miongo iliyofuata vifo vya maradhi ya moyo miongoni mwa wanaume wa umri wa kufanya kazi katika mkoa ule vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80, na taifa zima likafuata nyayo. Kilichowasha moto huo ni barua ya viongozi wa mkoa, watu wenye vyeo kama vya ninyi mliokaa mstari wa mbele.

Wapo watakaosema viwanda vikubwa haviguswi. Uruguay ni nchi ya watu milioni tatu na nusu hivi. Rais wake wa wakati huo, Tabaré Vázquez, alikuwa daktari wa saratani kabla ya kuingia katika siasa. Mwaka 2006 nchi hiyo ilipiga marufuku uvutaji katika maeneo ya umma yaliyofungwa, kisha ikaagiza picha na maneno ya onyo yafunike asilimia 80 ya pakiti. Kampuni ya Philip Morris iliishtaki mwaka 2010 mbele ya baraza la usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji. Kesi ilichukua miaka sita, na Julai 2016 Uruguay ikashinda, kampuni ikaamriwa ilipe sehemu kubwa ya gharama za utetezi wa nchi hiyo. Nawaambia wanasheria wa halmashauri yetu mliopo hapa: Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Miji ya mwaka 1982 inalipa Jiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Hatuhitaji ushujaa wa Uruguay ili kuondoa kibanda cha sigara mojamoja mlangoni mwa shule ya msingi.

Kwa upande wa taifa letu, msingi upo, nami nisingependa kuondoka hapa nikiwa nimeusahau. Novemba 2019 Serikali ilizindua Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza. Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi hutolewa kwa wasichana nchi nzima tangu 2018. Aprili 2024 Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa Afrika wa mpango wa PEN-Plus, unaohusu watoto na vijana wenye kisukari kinachohitaji insulini, selimundu na maradhi ya moyo yanayotokana na homa ya baridi yabisi. Hao ni watoto ambao hakuna mtu anayeweza kuwalaumu kwa chumvi wala sigara. Watoto takriban 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka nchini mwetu, na insulini imejulikana tangu mwaka 1921, kwa hiyo mtoto anayekufa leo kwa kuikosa ameuawa na umbali na bei. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo imekwisha kupitishwa. Ninawaomba wanaosimamia kanuni na vitita vyake wakumbuke kwamba bima inayolipia kulazwa kwa kiharusi lakini inamwacha mtu ajinunulie dawa ya kuzuia kiharusi inatumia fedha mahali pasipofaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kitanda cha mgonjwa aliyepooza, pamoja na binti aliyeacha kazi au shule ili amgeuze kila baada ya saa mbili, ni ukuta mrefu sana.

Waheshimiwa Madiwani, sasa nazungumza nanyi moja kwa moja, kwa sababu hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu mwanzo. Kila mwaka halmashauri huandaa Mpango Kabambe wa Afya. Hupita mikononi mwenu. Naomba safari hii mtakapoufungua mtafute kifungu kinachotaja, kwa jina, dawa za presha na kisukari katika ngazi ya zahanati, pamoja na mashine za kupimia presha na vijiti vya kupimia sukari. Msikubali vifichwe ndani ya fungu la dawa kwa ujumla, kwani fungu la jumla likipungukiwa, kinachokatwa kwanza ni kile kisichokuwa na mtetezi. Zahanati zetu siku hizi hupokea fedha katika akaunti zake zenyewe na kuagiza kupitia Bohari ya Dawa. Kwa hiyo kamati ya usimamizi wa kituo ina neno katika kile kinachoagizwa, na ningetaka kila kamati iwe na angalau mtu mmoja anayeishi na maradhi haya, atakayeuliza swali la dawa hata wengine wanapokuwa wamechoka.

Tena naomba kila zahanati iwe na siku yake ya kliniki ya presha na kisukari, inayojulikana na kila mtaa, na mgonjwa ambaye presha yake imetulia apewe dawa za miezi miwili au mitatu badala ya kuitwa kila mwezi. Siku moja ya mvuvi ni samaki wa watoto wake. Naomba pia ripoti ya robo mwaka inayosomwa katika Baraza la Madiwani iwe na namba tatu kutoka kila zahanati: walioandikishwa, waliorudi, na waliodhibitiwa. Namba ya tatu ndiyo yenye maana kubwa kuliko zote, na ndiyo isiyoulizwa. Kupima watu uwanjani Tangamano siku ya maadhimisho, wakapewa karatasi na fulana wakaenda zao, ni jambo jema lililoishia njiani, kama hakuna aliyeandika jina la yule aliyekutwa na 180 na kumwelekeza mahali atakapopata dawa.

Viongozi wetu wa dini, msikiti na kanisa vina watu kila wiki ambao sisi hatuwapati kliniki, hasa wanaume. Mwenye futari yenye chumvi kidogo asichekwe. Anayemeza dawa asiambiwe amepungukiwa imani. Mkilisema ninyi litasikika kuliko tukilisema sisi wenye mavazi meupe.

Shirika la Afya Duniani lilikokotoa mwaka 2021 kwamba nchi za kipato cha chini na cha kati cha ngazi ya chini zikiongeza chini ya dola moja ya Marekani kwa kila mtu kwa mwaka katika hatua zilizothibitika, zinaweza kuzuia vifo karibu milioni 7 ifikapo 2030. Dola moja haifiki bei ya nauli ya kwenda na kurudi ambayo mgonjwa wa pembezoni huilipa kila mwezi kufuata dawa ambayo ingepaswa kumngoja kijijini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa ruhusa yako, kabla hatujatoka kwa chai, wasichana wawili watapita na karatasi. Kila mtendaji wa kata, kwa kushirikiana na muuguzi wa kata yake aliyepo hapa, aandike jina la zahanati, dawa za presha na za kisukari zilizokuwepo asubuhi ya leo, zilizokosekana, na tangu lini. Asiyejua ana simu mkononi, apige aulize. Karatasi hizo zitasomwa hadharani saa nane mchana mbele ya Mganga Mkuu wa Jiji, ambaye amekubali kuzipokea na kuzijibu zahanati moja baada ya nyingine, na nakala itabaki kwa Katibu wa Baraza ili ilinganishwe na itakayoandikwa baada ya miezi mitatu.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.